Tofali Lililoshuka Nusu

Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni mwaka 2014, saa kumi na dakika ishirini alasiri, mvua nyembamba ikinyunyiza kama mtu anayekung'uta mikono baada ya kunawa, mkaguzi wa majengo wa manispaa aliingia sebuleni kwa mama yake na kuuona kwa mara ya kwanza uashi usio na haya. Ulikuwa ndani ya televisheni.

"Lile tofali," alisema, mwavuli wake ukingali unachuruzika, "limeshikiliwa na nini?"

Lilikuwa tofali la njano lenye alama ya kuuliza ubavuni, limening'inia katikati ya mbingu ya buluu, halina nguzo, halina boriti wala kamba. Chini yake alisimama kijibwana wa posta mwenye mkoba begani, akiyumbayumba, akingoja kuamriwa.

Mama yake, aliyekuwa kitini na blanketi magotini, alimtazama kwa jicho la mzazi aliyekwisha kuaibishwa na maswali ya aina hiyo katika kila nyumba aliyowahi kuitembelea na mwanawe.

"Mgeni amekuamkia, mwanangu. Hata hujamwitikia."

"Marahaba. Limeshikiliwa na nini?"

Jamaa na majirani walimwita Kiranja. Cheo hicho alikipata katika shule ya bweni, na ingawa shule ilikwisha miaka mingi iliyopita, cheo kilikataa kustaafu. Alitandika kitanda chake kabla ya kunawa uso. Hakupita mbele ya ukuta bila kuugonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio, na picha iliyopinda ukutani ilimnyima usingizi hata kama ni ukuta wa hoteli. Kwa ufupi, alikuwa mtu mnyoofu, na alijua kwamba ni mnyoofu, na aliona ni haki wengine nao wajue.

Mgeni aliyeinuka kumpa mkono alikuwa fundi wa mashine za michezo, kijana mrefu mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likakakamaa. Mtaani walimwita Vitufe. Pembeni yake alikaa Kitinda, kitindamimba wa nyumba hiyo, daktari wa meno, ambaye kicheko chake huanzia machoni na kushuka polepole hadi kinywani, kwa hiyo mtu mwangalifu hupata nafasi ya kukimbia. Vitufe alikuwa amekuja kumposa. Mama alikuwa amemwuliza kazi yake hasa ni ipi, naye, kwa kuwa si msemaji, akaona ni heri kuja na mashine kwapani aionyeshe.

Baba yao, kabla ya kufumba macho, aliacha neno moja tu kuhusu Kitinda: kwamba ataolewa Kiranja atakapokubali. Mama alikwisha kukubali. "Ndiyo yangu imekaa mlangoni na viatu miguuni," alikuwa akisema, "inangoja yako, mwanangu, zifuatane."

"Halijashikiliwa na kitu, kaka," alisema Vitufe. "Liko hivyo tangu toleo la kwanza."

"Matoleo yapo mangapi?"

Hapo Vitufe, ambaye tangu afike alikuwa amesema maneno ya kuhesabika, alifunguka kama bomba. Alieleza kwamba katika toleo la kwanza tofali hilo lilikuwa limekaa tu, halimeti, maana mashine za wakati ule hazikuwa na rangi za kuchezea. Katika la pili wakalitia mng'aro. Baadaye wakalipa mabawa likawa linamkwepa mchezaji, na toleo moja lilikuwa na matofali ya bandia, yaliyouma.

"Yanauma?" Mama alivuta blanketi.

"Ukigonga la bandia, mama, linatoa meno."

"Hayo niletee mimi," alisema Kitinda.

"Lakini kazi yake haijabadilika," Vitufe aliendelea, macho yakimng'aa. "Unasimama chini yake, unaruka, unaligonga kwa kichwa, linakupa kitu. Sarafu, tunda, mwavuli. Likishatoa linageuka kahawia, limechoka, limeshamaliza yake. Kila mtu anayenunua toleo jipya, kaka, kitu cha kwanza anachotafuta ni hilo tofali. Akiliona anajua kafika nyumbani."

Kiranja aliketi, akaweka mikono magotini.

"Mwenye tofali ni nani?"

"Mwenye tofali?"

"Kila tofali lina mwenyewe. Huyu bwana ni mtumishi wa posta, yuko kazini, kabeba barua za watu. Anaacha njia, anagonga kwa kichwa mali asiyomjua mwenyewe, anachukua kilichomo, kisha anaendelea na safari kama hakuna lililotokea. Shuleni kwetu mtu huyo angefungasha sanduku lake kabla ya kengele ya chai."

"Kaka, ni mchezo," alisema Kitinda.

"Hata udokozi huanza kwa mchezo." Akamgeukia Vitufe. "Na hii ndiyo kazi yako? Kuwatengenezea watu vyombo vya kufundishia wana wao kupata bila jasho?"

"Nabadilisha vitufe pia, kaka. Na kupuliza vumbi."

"Anapuliza vumbi!" Kiranja aliitazama dari, ambayo yeye mwenyewe aliikagua na hakuiona dosari. "Dada yangu amekesha na vitabu mpaka akayajua meno ya watu hadi mizizi. Nimkabidhi kwa mpuliza vumbi?"

Vitufe aliinamia pedi ya kuchezea mkononi mwake kama mtu anayesoma hukumu. Ni Kitinda aliyejibu, kwa sauti laini ambayo wagonjwa wake huijua kabla ya sindano.

"Tatizo lako, kaka, ni kwamba huuwezi. Mtu asiyeweza kuruka ndiye husema kuruka ni dhambi."

"Siuwezi?"

"Bila kugonga hayo matofali ukapata msaada, hutafika hata nusu ya njia. Utatumbukia shimo la kwanza, mkoba na barua."

"Mtu mwadilifu hufika bila kuokota vya watu."

"Basi fika."

"Mimi sichezi kamari."

"Nani kataja kamari? Huu ni mtihani. Au siku hizi unaogopa mitihani?"

Ilikuwa kama kumtekenya mahali ambapo hata baba yao hakupajua. Kiranja hakuwahi kuogopa mtihani. Alichowahi kuogopa ni matokeo ya wengine kuwa sawa na yake. Akakohoa, akafungua kifungo cha koti, na masharti yakawekwa mezani kama vyombo. Jumamosi inayofuata atacheza hatua moja ya mchezo, atakayochagua Kitinda. Akifikisha barua kwenye sanduku la posta lililo mwisho wa njia bila kugonga hata tofali moja la kuuliza, mposaji hatakanyaga nyumba hiyo kwa mwaka mzima. Akigonga, ataenda dukani kwa Vitufe mchana kweupe, mbele ya wateja, amwite shemeji kwa sauti ya kusikika. Na neno hilo likishatoka kinywani mwake, posa imekubaliwa.

"Na akianguka shimoni?" aliuliza Mama. "Akifa njiani?"

Wakatazamana.

"Kufa ruksa," Mama aliamua. "Kugonga marufuku."

"Jambo moja," alisema Kiranja. "Kuna matofali ya kujificha humo?"

Vitufe, ambaye uongo ulimshinda tangu utotoni, alijibu kwamba yapo, hayaonekani mpaka mtu ayagonge.

"Yasiwepo."

"Naapa kwa kaburi la baba," alisema Kitinda upesi, "kila tofali utaliona kwa macho yako mawili."

Mama alimtupia bintiye jicho. Alimlea mwenyewe, na alijua kwamba Kitinda akiapa haraka hivyo, kuna mtu ataumia. Lakini alijua vilevile kwamba kiapo chenyewe huwa ni cha kweli. Akajikunyata ndani ya blanketi lake.

"Hujaniuliza mimi," Vitufe alimnong'oneza mchumba wake. "Mwaka mzima!"

"Wewe kunywa chai."

Mashine ikaachwa pale. Kuanzia siku ya pili yake Kiranja alifika kwa mama yake kila alfajiri, hata Jumapili isiyo na kazi, amevaa suti na tai, akaketi wima mbele ya televisheni kama anayehojiwa na bodi ya ajira. Hapo ndipo alipogundua kwamba vidole vyake, ambavyo viliweza kutambua nondo iliyopungua unene ndani ya zege, havikujua kushoto na kulia. Siku ya kwanza mtu wa posta aliuawa kabla hajatoka nje ya uzio wa posta.

"Kauawa na nini?" aliuliza Mama, aliyekuwa amesahau miwani yake.

"Kuku."

"Kuku, mwanangu?"

"Ni kuku mkubwa, mama."

Siku ya pili aliruka shimo kwa kuinua mabega yake mwenyewe, kwa imani kwamba kijibwana atafuata mfano wa mkubwa wake. Hakufuata. Siku ya tatu Mama alianza kutoa ushauri, na siku ya nne ushauri ukageuka amri. "Ngoja! Ngoja, mwache kuku apite! Sasa! Lo, umechelewa kama baba yako." Lakini nidhamu ina nguvu zake, na mtu aliyezoea kuamka kwa kengele hujifunza hata kuruka kwa kengele. Kufikia Alhamisi aliwapita kuku wote, akavuka mashimo, akapita chini ya kila tofali la njano kichwa kimeinama, kwa heshima, kama mtu apitaye mbele ya wakubwa waliokaa. Matofali yalimetameta juu yake mfano wa wanafunzi walionyoosha mikono darasani wakingoja kuulizwa. Hakuyauliza. Mara moja moja, jambo ambalo asingelikiri hata kwa fimbo, aliyaonea huruma.

Ofisini nako mambo hayakuwa shwari. Karani alimwona akiinama alipopita chini ya boriti iliyo juu sana ya kichwa chake, kisha akishusha pumzi alipokwisha kuipita salama.

Ijumaa jioni Kitinda alimpitia kumsalimu. Akakaa, akazungumza habari za wagonjwa, halafu, huku akikagua kucha zake, akauliza kama mtu asiye na haja kubwa ya jibu:

"Kaka, kozi, ile safu ya matofali ukutani, ikipotoka kidogo, tuseme tofali moja limeshuka nusu, mtu anaweza kuona?"

"Mtu wa kawaida haoni."

"Na wewe?"

"Mimi naona nikiwa ng'ambo ya barabara. Nimepata kusimamisha ujenzi wa ghorofa kwa upungufu wa unene wa kidole."

"Ungeweza tu kuliacha, ukaenda zako?"

"Niliache?" Kiranja alimtazama kana kwamba amemshauri amwache mtoto mchanga barabarani. "Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi siachi."

"Ndiyo maana nakupenda, kaka," alisema Kitinda, akambusu shavuni na kuondoka.

Kiranja alilala vizuri sana usiku huo. Ni nadra kwa ndugu kuuthamini unyoofu wa mtu.

Jumamosi ilikuja na jua kali. Kiranja alifika akiwa amenyoa, viatu vinang'aa. Vitufe alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi akiyaminya magoti yake kwa viganja. Mama alikuwa na miwani yake. Kitinda aliiwasha mashine, na kwenye kioo ikatokea njia ambayo Kiranja hakuwahi kuiona.

"Hii ni hatua ya ngapi?"

"Haina namba. Mchezo huu una sehemu ya mtu kujiundia njia yake. Nimekuundia."

"Umeunda lini?" Vitufe aliuliza kwa mshangao ambao haukuwa wa kuigiza.

"Nikingoja ganzi za watu ziingie."

Kiranja alisita, akamtaka arudie kiapo. Kitinda akarudia, neno kwa neno, uso mkavu. Haikupatikana sababu ya kukataa. Akashika pedi.

Alianza vibaya, akatumbukia, akafufuka. Akafa tena kwa kuku mwenye haraka isiyo ya kawaida. Mara ya tatu akatulia, na kutoka hapo alikwenda kwa ustadi uliomshangaza hata yeye. Kitinda alikuwa ameyatega matofali ya kuuliza kila mahali penye kishawishi: juu ya shimo pana, ambapo mwavuli ungemfaa, kando ya ukuta mrefu, ambapo spiringi ingemrusha. Kiranja aliyapita yote mikono mitupu. Alipanda ukuta kwa shida, akaruka shimo kwa ncha za vidole, na kila alipopita salama Mama alitoa mguno ambao haukujulikana uko upande wa nani.

Uso wa Vitufe ulikuwa ukisawijika. Kila kuku aliyepitwa alikuwa ni mwezi mmoja wa mwaka wake. Hata hivyo, mtu wa posta alipokaribia daraja linalobomoka, na ikawa dhahiri kwamba Kiranja atakanyaga kabla ya wakati, fundi alishindwa kujizuia.

"Subiri, kaka! Ngoja kwanza lidondoke pande moja, ndipo uruke!"

Kiranja alisubiri, akaruka, akavuka.

"Ahsante," alisema bila kugeuka.

"Wewe mtu," Kitinda alimfinya mchumba wake pajani, "una akili timamu?"

"Angeharibu, jamani. Siwezi kuangalia mtu akiharibu."

Kisha sanduku la posta likaonekana mwisho wa njia, jekundu, mdomo wazi. Kati yake na mtu wa posta hapakuwa na kuku, hapakuwa na shimo. Palikuwa na sakafu tupu, na juu ya sakafu, kimo cha kurukika, kozi ndefu ya matofali ya kuuliza iliyolazwa kwa unyoofu wa kupendeza, tofali kwa tofali, kana kwamba imepimwa kwa pima maji. Kiranja alipita chini yake taratibu, akiitazama kwa jicho la kazi, na kwa mara ya kwanza tangu auone mchezo huo alihisi kwamba kuna mtu anayejua maana ya mstari.

Akasimama.

"Nani amelaza kozi hii?"

"Mimi," alisema Kitinda. "Kuna nini?"

"Tofali moja kabla ya lile la mwisho. Limeshuka."

"Wapi? Silioni."

"Hili hapa! Limeshuka nusu!"

Kitinda alikodoa macho, akaisogelea televisheni, akatikisa kichwa. "Mama, unaona chochote?"

"Macho yangu haya ya uzee," alisema Mama, ambaye siku mbili tu nyuma aliuona uzi ndani ya tundu la sindano.

"Kaka," Vitufe alisema kwa sauti iliyokwaruza, "sanduku hilo hapo. Wewe nenda tu."

Ulikuwa ushauri wa mtu mwaminifu, na Kiranja alijitahidi kuufuata. Mtu wa posta alipiga hatua mbili kuelekea sandukuni. Akasimama. Akageuka. Akatazama juu. Kiranja alijisikia kuwashwa mgongoni, mahali ambapo mkono haufiki. Kozi nzima, ndefu vile, nyoofu vile, na tofali moja linaning'inia chini ya wenzake kama shati lililochomoka mbele ya gwaride! Angefikisha barua, naam, lakini ukuta ule ungebaki vile, na angejua kwamba umebaki vile.

Wiki nzima aliuona mchezo huo ukijionyesha wenyewe kabla yeye hajaanza, na alikuwa ameliona jambo moja: tofali likigongwa kutoka chini, huruka juu kidogo. Ikamjia, kwa nguvu zote za hoja iliyokamilika, kwamba pigo moja la kipimo lingelinyanyua tofali lile mpaka kwenye mstari wake. Huko hakungekuwa kuokota. Kungekuwa kukarabati. Hata mwenye tofali, awe nani, angemshukuru.

Akaruka.

Ting'!

Sarafu ilichupa, ikazunguka, ikatoweka. Tofali likaruka juu, likagusa mstari wa wenzake kwa kitambo cha kope kupepesa, halafu likashuka na kutulia palepale lilipokuwa, nusu chini, kahawia, limechoka, limepinda vilevile.

Kicheko cha Kitinda, ambacho macho yake yalikuwa yamekihifadhi tangu Jumamosi iliyopita, kilimwangusha chini zuliani. Mama alijifunika blanketi mpaka usoni, na blanketi likawa linatikisika.

"Nilikuwa nanyoosha," alisema Kiranja.

"Umegonga, mwanangu," ilisema sauti ndani ya blanketi.

"Sikuichukua sarafu. Imepotea yenyewe. Nia yangu ilikuwa kunyoosha!"

"Kaka, hilo tofali," Kitinda alisema akijifuta machozi, "nililishusha nusu, nikalipandisha, nikalishusha tena. Nilijiuliza, je, nilishushe robo? Nikasema hapana, robo atavumilia."

Aliyesimama alikuwa Vitufe. Hakuwa akicheka.

"Mimi silikubali," alisema.

Kitinda aliinua kichwa kutoka zuliani. "Hulikubali nini?"

"Sikujua habari hizi, kaka, naapa. Huu haukuwa mtihani, ulikuwa mtego. Kakutega kwa kazi yako mwenyewe. Ni kama mtu anitegee mimi mashine iliyokwama kitufe, halafu aseme nisiiguse. Tufute. Kesho tuanze upya, hatua nichague mimi, ile nyepesi kabisa. Ukishinda, nitakaa mwaka wangu huko nje."

"Wewe uko upande wa nani?" Kitinda alimaka.

"Wako. Lakini sitaki nije niambiwe nilioa kwa tofali lililopinda."

Mlango ulikuwa wazi, na Kiranja aliuona. Angeweza kutikisa kichwa tu, akapata kesho yake, akashinda. Na kwa jinsi alivyocheza, angeshinda. Kwa muda wa pumzi moja alisimama kizingitini mwa mlango ule. Kisha damu ikampanda, kwa maana alitambua kwamba kijana mwenye vumbi la mashine kwenye nyusi anamsamehe.

"Nani amekuomba msamaha?" alinguruma.

"Hapana, kaka, mimi nilisema tu..."

"Keti chini. Huyu alisema kila tofali nitaliona kwa macho yangu. Nimeliona. Aliapa halitajificha. Halikujificha. Wewe mwenyewe uliniambia niende, na mama ni shahidi, nikakataa. Nimegonga kwa akili zangu timamu, na adhabu ya kugonga niliiandika mimi. Sasa unataka kuninyang'anya hata hiyo?"

Vitufe aliketi.

Kiranja akamgeukia dada yake, aliyekuwa akijaribu kuvaa uso wa toba bila mafanikio. "Na wewe. Ungekuwa bwenini kwangu ningekufagilisha uwanja wote wa gwaride. Kisha ningekupa cheo."

"Cheo gani, kaka?"

"Usinizoee." Akavaa koti, akavifunga vifungo vyote, akamtazama tena fundi, safari hii kuanzia viatu hadi nyusi, kama anavyotazama msingi kabla ya kuruhusu ghorofa. "Duka lako hufungwa saa ngapi mchana?"

"Silifungi, kaka. Mchana ndipo watu wanapokuwa wengi."

"Vizuri."

Jumatatu, saa saba na robo mchana, anga jeupe na joto la kuyeyusha lami, mkaguzi wa majengo alitokea mlangoni mwa duka jembamba la kutengeneza mashine za michezo, tai shingoni, mwavuli kwapani. Ndani mlijaa. Wanafunzi walisongamana mbele ya kioo wakipigiana kelele. Mama mmoja alikuwa na mashine ndani ya mfuko wa sokoni. Bwana mmoja mnene alikuwa akilalamikia pedi aliyosema imemsaliti. Vitufe alikuwa nyuma ya meza, ameinamia mashine iliyofunuliwa kifua, visikizio masikioni, akipuliza.

"Shemeji," alisema Kiranja.

Kelele zikalimeza neno. Bwana mnene peke yake ndiye aliyegeuka.

"Mimi?"

"Si wewe."

"Maana ninao wengi, na wote wananidai."

"Nimesema si wewe, bwana." Kiranja alivuta pumzi. "Shemeji!"

Vitufe aliendelea kupuliza. Mama mwenye mfuko alimwonea huruma mgeni huyu nadhifu, akamshauri aende akamguse bega, maana fundi akiwa na hivyo vidude masikioni hasikii hata radi.

Kiranja aliutafakari ushauri huo. Lakini hakuwa ameahidi kugusa bega. Alikuwa ameahidi sauti ya kusikika. Akaweka mwavuli wake chini, akakaza magoti, akafungua kinywa na kutoa sauti ambayo katika ujana wake iliamsha mabweni yote mawili kwa pamoja.

"SHEMEJI!"

Wanafunzi wakaachia vitufe, na mkimbiaji wao akatumbukia shimoni. Ng'ambo ya barabara mtu alisimamisha baiskeli. Vitufe alivichomoa visikizio, akainuka polepole, nyusi nyeupe kwa vumbi.

"Naam, kaka?"

"Si kaka. Nimekuita shemeji, mchana, dukani kwako, mbele ya wateja wako. Mmesikia ninyi?"

"Tumesikia," alisema bwana mnene. "Hata waliolala wamesikia."

"Basi sidaiwi," alisema Kiranja, akaokota mwavuli wake, akarudi kazini.